Kondoo Ameliwa, Kesi Bado Ipo

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata sasa viganja vinanilowa jasho. Nimekaa kwenye benchi la Mahakama ya Mwanzo pale Karatu, gauni langu la Jumapili limenibana kwapani, na badala ya kumtazama hakimu natazama mlango. Kila kivuli kinachopita nje nasema moyoni, ndiye huyo. Siye. Ni mama muuza ndizi, ni mtu kapotea njia anatafuta ofisi ya ardhi, ni karani kaenda kumwaga majani ya chai. Mdogo wangu Boay haonekani, na mimi ndiye niliyeweka sahihi kwamba ataonekana.

Sijakuita hapa kwa sababu uzee umenizidi maneno, ingawa najua mnanisema mkiwa jikoni. Nimekuita kwa sababu ya nyama. Jana ulinipitia, Yasinta mjukuu wangu, umebeba paja la mbuzi kwenye mfuko, uso umekunjuka, ukaniambia, "Bibi, yameisha. Wazee wamekaa Jumapili, Emanueli na yule kijana wa jirani wameshikana mikono, mbuzi amechinjwa. Hili fungu lako." Nikakuuliza, na mahakamani je? Ukacheka. "Kesi gani tena, bibi? Aliyepigwa mwenyewe kala mbuzi." Halafu ukaniambia, kama vile unaniambia habari ya mvua, kwamba kesho hii inayokuja, alfajiri, shemeji yako Emanueli anaondoka na wageni kwenda kreta na Serengeti, kapata kazi ya kuwapikia kambini wiki nzima. Na kesho hiyohiyo ndiyo tarehe yake ya kesi. Na mdhamini wake ni wewe.

Nyama nimeitundika juu ya moshi. Sijakata hata kipande. Tangu ulipoondoka chai hainishuki, nimekaa nahesabu masaa kama mtu mwenye mgonjwa ndani. Ndiyo maana asubuhi hii nimemtuma yule kijana wa boda akulete, na nauli nimemlipa mimi, kwa hiyo huna haraka. Weka hiyo simu pembeni. Kaa hapa karibu na moto, unisikilize.

Wakati ninaousema nilikuwa msichana, nashona nguo kwenye baraza ya duka, babu yako sijamjua bado. Kiangazi kilikuwa kibaya mwaka huo. Wamasai wa Nainokanoka waliteremsha mifugo yao kuja mnadani Karatu, na ng'ombe mwenye kiu hajui kabila wala mpaka. Walifika kwenye birika la maji Boay akiwa ananywesha ng'ombe wa baba. Wakachanganyika, wakasukumana, mtamba wetu mmoja akaangushwa. Boay hasira zake zilikaa puani siku zote, hakuwa mtu wa kuuliza mara ya pili. Akainua fimbo. Ikatua kichwani kwa kijana mmoja anaitwa Lemayan, na kichwa ni kichwa, damu ikajaa shuka lake zima la lubega. Lemayan akapelekwa polisi akapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa, akashonwa hospitali. Jua halijazama Boay yuko mahabusu.

Mahakama yenyewe unaijua, si jumba la kutisha. Chumba kimoja, madirisha ya mbao, mabenchi, meza ya hakimu imeinuliwa kidogo. Lakini ukiingia pale ukiwa na mtu wako kizimbani, miguu inakuwa ya mtu mwingine. Hakuna wakili pale, hakuna Kiingereza, unasema mwenyewe kwa Kiswahili chako hicho hicho cha kuungaunga. Wakati ule hakimu hakuketi peke yake. Kulia na kushoto kwake walikaa wazee wa baraza, watu wa huku huku wanaojua mila zetu, ili sheria isitembee bila kujua inamkanyaga nani. Siku hizi nasikia mengine yamebadilika, sijui, mtaniambia nyie.

Hakimu alikuwa mama wa makamo, si mtu wa kwetu, sauti yake ya chini. Mimi wanaopiga kelele siwaogopi. Nilikulia kwa baba. Huyu alinitisha kwa upole wake. Akasoma shtaka, Boay akasema si kweli, ikaja habari ya dhamana. Baba hakujua kusoma, mama Kiswahili hakijui kabisa, mimi nina kazi mjini na barua ya mtendaji wa kijiji mkononi. Nikaitwa mezani. Nikashika kalamu, naona fahari kidogo, si uongo. Hakimu akanizuia mkono.

"Binti, umeelewa unachosaini?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Si jina lako unaloweka hapa. Unaniambia kwamba siku nikimtaka huyu kijana, wewe ndiye utakayemleta. Asipokuja, nitakutazama wewe."

Nikasema nimeelewa. Sikuelewa, mwanangu. Nilisikia tu, na kusikia si kuelewa.

Tukarudi nyumbani na Boay, na hapo wazee wakaanza kazi yao. Usinifikirie vibaya, mimi kazi ya wazee naiheshimu. Wao waliona mbali kuliko sisi: sisi Wairaqw na Wamasai tukishaanza kurudishiana fimbo, fimbo haiishii kwa vijana wawili. Wakakutana mpakani mwa shamba letu, wa kwetu na wa Nainokanoka, wakiongozwa na mzee Parmet, baba yake Lemayan. Akaletwa kondoo asiye na doa. Baba akamtoa yule mtamba aliyeangushwa, akamkabidhi Lemayan kwa mkono wake. Ngozi ya kondoo ikakatwa vipande vyembamba, Boay akavishwa kimoja kidoleni, Lemayan akavishwa kingine cha ngozi ileile. Pombe ya asali ikanyunyizwa. Kisha wazee wakafunga kwa kiapo, wote pamoja, kwamba neno hili limezikwa leo, na atakayelitaja tena limrudie yeye na nyumba yake. Sote tukaitikia. Na mimi nikaitikia kwa sauti, nimefurahi.

Sasa angalia mtego ulivyokaa. Mahakama inataka useme, na kiapo kinataka unyamaze.

Boay na Lemayan wakawa marafiki kwa ghafla, kama wanavyofanya vijana waliokwisha pigana. Malisho yetu yalikuwa yamekwisha, huko juu Nainokanoka nyasi bado zipo, mzee Parmet akasema Boay alete ng'ombe wa baba wachache wakae na wake. Amani gani zaidi ya hiyo? Wakaanza kufunga mizigo. Mimi nikamvuta Boay pembeni, nikamwambia tarehe yako imekaribia. Baba akasikia. Baba alikuwa na masikio ya swala.

"Unataka kufukua?" akaniuliza.

"Baba, niliweka sahihi."

"Sahihi uliiweka kabla ya kondoo. Mahakama ni ya serikali, kondoo ni wa Mungu. Nani mkubwa?"

Utamjibu nini mzazi aliyekuuliza hivyo mbele ya wazee wenzake? Nikanyamaza. Boay akaondoka na ng'ombe, anapiga mluzi. Lakini kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wake ulinifuata hadi kwenye cherehani. Nilikuwa nashona mikono ya shati inaangalia nyuma.

Ndipo ikafika ile siku ya benchi. Nilikwenda peke yangu, nimemdanganya baba kwamba nakwenda dukani. Karani akaita jina la Boay. Kimya. Akaita Lemayan. Kimya. Akaita mdhamini, nikasimama, na nikasikia watu wote wamegeuka.

"Mshtakiwa yuko wapi?"

Nikafungua mdomo, nikakumbuka kiapo. Limrudie yeye na nyumba yake. Nikamwona mama yangu, nikauona mlango wetu, nikafunga mdomo.

"Binti, nakuuliza. Mgonjwa? Amekimbia? Amekufa?"

Nikatikisa kichwa. Machozi yananitoka, kamasi zinanitoka, kitambaa sina. Hakimu alikuwa ameshachukua kalamu. Basi mzee wa baraza mmoja, yule wa kushoto, ambaye muda wote nilidhani amesinzia, akaniinamia akaniuliza taratibu, "Mmechinja kondoo?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nikaona kichwa si mdomo, labda Mungu hatanihesabia.

Yule mzee akamwinamia hakimu, wakanong'ona. Nilianza kupumua, nikasema sasa ameelewa, atatuachia. Hakimu akaweka kalamu chini, akanitazama kwa huruma kabisa, na maneno aliyoniambia ndiyo haya nayabeba mpaka leo.

"Binti, amani yenu siichukii. Ningependa kila anayeingia hapa aje na kondoo wake ameshachinjwa, ningepumzika. Makosa mengine madogo kama haya sheria inaniruhusu kuwaacha watu wapatane. Lakini lazima wapatane mbele yangu, niwaone, niwaulize, niandike. Faili halinusi nyama. Kwenye meza yangu ndugu yako bado ni mtu aliyeitwa na serikali akakataa kuja."

Akatoa hati ya kumkamata Boay. Kisha akanigeukia mimi. "Jumatatu asubuhi utakuja na mdogo wako. Usipokuja naye, njoo na nguo za kubadilisha."

Sijui nilifikaje nyumbani. Nikamweleza baba, maana sasa kuficha kulikuwa hakuna faida. Mficha maradhi kifo humuumbua. Baba akakasirika, na hasira yake nusu ilikuwa hofu, nikaiona. Akasema hakuna mtu wa nyumba yake atakayekwenda kufukua kilichozikwa, na kama serikali inataka kufunga mtoto wa watu bure ifunge. Akatoka nje. Mama alichukua magauni yangu mawili, akayafua, akayaanika. Yalipokauka akayakunja akayaweka kwenye kikapu, juu yake akaweka sabuni na kanga. Nilipoona ile sabuni ndipo nilipoamini kwamba nakwenda kufungwa.

Kesho yake asubuhi nikachukua kikapu kile kile, lakini sikukaa nacho kusubiri Jumatatu. Nikapanda lori la mahindi linalokwenda juu. Tukapita lango la hifadhi, tukapanda msitu, ukungu umefunga mpaka dereva anachungulia dirishani. Kreta iko kushoto kwetu, wageni wanavuka bahari kuja kuitazama, mimi sikugeuza shingo. Nilikuwa nawaza kitu kimoja: nikimkuta, nitamwambia nini bila kulitaja? Na nisipomkuta? Aliponishusha dereva nikatembea kwa miguu, kila kichaka nakiona nyati, mpaka nikaliona boma la mzee Parmet.

"Takwenya," mzee mwenyewe akanisalimia kwa Kimasai.

"Iko," nikaitikia.

Akaniletea maziwa kwenye kibuyu. Sikuweza kunywa. Mzee yule alikuwa mrefu, jicho moja lina ukungu, na ana tabia ya kutafuna kijiti cha mswaki anapofikiri. Akanitazama.

"Umekuja na uso wa msiba. Nani amekufa?"

"Hakuna, baba. Lakini siwezi kusema. Nikisema nitakuwa nimelitaja."

Akatafuna kijiti. "Basi usiseme. Nionyeshe."

Nikafungua kikapu. Nikatandika gauni la kwanza pale chini, nikatandika la pili, nikaweka sabuni juu yake. Nikamwambia, "Hizi ni za kuvaa nitakapokuwa ndani. Kuanzia Jumatatu."

Mzee Parmet akayatazama moja moja, gauni, gauni, sabuni. Kisha akamwita Lemayan, akamwita na Boay, akawaonyesha yale magauni bila kusema lolote. Boay alikuwa anacheka alipokuja. Kicheko kikafa hapohapo. Mzee akaniuliza, "Huyo mama wa mahakama, alikuwepo tulipochinja?"

"Hakuwepo."

"Kuna aliyekwenda kumwambia?"

"Hakuna."

"Basi kosa lake nini?" Akatema kijiti. "Tulichozika ni ugomvi. Amani hatukuizika. Amani inatajwa hata mnadani, watu wakisikia. Kesho tunateremka wote, na nikifika kwa baba yako nitamwambia hivyo hivyo."

Mwanangu, hapo ndipo nilipokunywa maziwa.

Laiti ingeishia hapo ningekwisha kukuruhusu uondoke. Lakini hati ya kukamata ikishatoka haisubiri mtu aamue kuwa mwema. Tulipofika langoni siku ya pili, polisi walikuwa wameshapewa jina la Boay. Wakamshusha kwenye lori. Nikawaambia tunakwenda mahakamani wenyewe, huyu anajipeleka. Askari akasema vizuri, hakimu atafurahi kusikia, na akamtia pingu. Na pale langoni palikuwa na vijana wa Karatu waliotuona: Boay amefungwa pingu, amezungukwa na mashuka mekundu ya Wamasai. Unafikiri waliona nini? Waliona Wamasai wamekula kondoo wetu, wamechukua mtamba wetu, halafu wamemuuza. Mmoja akawasha pikipiki kwenda kupeleka habari mjini. Nikasema moyoni, Mungu wangu, leo fimbo zitatoka nyumba zote.

Lemayan ndiye aliyetuokoa. Hakuomba ruhusa. Alipanda gari la polisi akakaa ubavuni kwa Boay. Askari akamwambia, shuka, wewe huhusiki. Akasema, "Nahusika. Kichwa kilichopasuliwa ni hiki. Kama yeye analala ndani, na mimi nalala mlangoni." Na kweli, tulipoingia Karatu vijana walikuwa wameshakusanyika na fimbo zao, wakaona gari linapita na wale wawili wamekaa bega kwa bega, na Lemayan ameinua mkono dirishani kuonyesha kidole chenye kile kipande cha ngozi. Fimbo zikashuka. Boay alilala kituoni, Lemayan akalala nje kwenye baraza kama alivyosema. Nilimpelekea blanketi akalikataa, akasema la kwake linanuka vizuri zaidi.

Jumatatu mahakama ilijaa. Hakimu akaanza na Lemayan, na hapo ndipo nilipojua kwa nini serikali imeweka mtu kwenye kiti kile. Hakumuuliza kama wazee wamepatana. Alimuuliza yeye.

"Umesamehe?"

"Nimesamehe."

"Kuna aliyekutisha? Kuna aliyekwambia usiposamehe utatengwa, au baba yako ameona aibu kwa niaba yako?"

Lemayan akamtazama baba yake, na hakimu akamwambia, "Nitazame mimi. Baba yako nitamuuliza yeye baadaye." Kijana akavuta pumzi. Akasema siku ile ya kondoo alikuwa bado ana kinyongo, ndiyo, kichwa kilikuwa kinauma na aliogopa kumkatalia baba. Lakini Boay alipokuja kukaa nao boma moja, kinyongo kiliondoka chenyewe. Sasa amesamehe kwa moyo wake. Mzee Parmet aliinamisha kichwa, hakuwa amejua. Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Hakimu akashauriana na wazee wa baraza, akaandika, akatusomea alichoandika, akauliza kama ndivyo tulivyosema. Waliojua kusaini wakasaini, mzee Parmet akaweka dole gumba. Boay akaonywa vikali kwa kutokufika, akaachiwa. Kisha hakimu akatazama dirishani, ambako baba yangu alikuwa amesimama tangu asubuhi, amekataa kuingia.

"Mzee pale nje, na wewe nakwambia. Boma lenu lilikuwa na milango miwili. Mmoja mmeufunga vizuri, na miiba mmeweka. Ule wa huku mkauacha wazi mkaenda kulala. Fisi hajali kwamba ule mwingine umefungwa."

Baba akaondoka dirishani. Njia nzima ya kurudi hakunisemesha. Lakini tulipofika pale kilima kinapoanza, alikitwaa kikapu kichwani kwangu, chenye magauni yale na sabuni ile, akakibeba mwenyewe mpaka nyumbani mbele za watu. Kama humjui baba yangu hutaelewa ni kitu gani hicho. Mimi nilitembea nyuma yake nalia.

Sasa nikurudie wewe, Yasinta. Unasema yule kijana wa jirani kala mbuzi. Nani alimuuliza? Baba yake ni mtu wa maneno mengi na vijana wake wanamwogopa, hilo kijiji kizima kinajua. Kama moyoni bado ana kinyongo, kesho ataingia mahakamani na mdomo wake ulioshonwa hospitali, ataitwa, atasimama. Emanueli ataitwa, hatakuwepo. Utaitwa wewe. Na kama kijana amesamehe kweli, hatakwenda, na utaitwa wewe vilevile. Ukihesabu vyovyote, jina linaloishia kuitwa ni lako, na wewe una mtoto anayenyonya. Ndiyo maana chai hainishuki.

Kwa hiyo nakuusia hivi, na usikie la mkuu. Ukiondoka hapa usipite popote, nenda kwa Emanueli, umwambie wageni watapata mpishi mwingine. Akileta ujuaji wake mlete hapa kwangu, mbio za sakafuni huishia ukingoni, nitamwambia mimi. Kisha nenda kwa jirani, uzungumze na kijana mwenyewe, si baba yake. Umwombe mfike wote kesho. Nendeni na wazee wawili waliokaa kwenye suluhu. Mtangulie kabla mahakama haijaanza, mumwambie karani mnataka hakimu ajue kwamba mmepatana. Mkiingia, mwambieni hakimu ukweli kama ulivyo, hata ule usiowapendeza, maana yeye hakuwepo na hajui ila mtakachomwambia. Msimpelekee paja la mbuzi wala salamu ya mtu mkubwa. Hakimu akishapokea chako leo, kesho atapokea cha adui yako. Na akikuuliza jambo, usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi. Akisema haiwezekani, kesi iendelee, basi iendelee, mtakuwa mmesimama pale mnaonekana, na mtu anayeonekana haogopwi wala hatafutwi.

Wazee wakipatanisha wanaponya moyo. Hakimu naye anafunga mlango ili mtu asiingie tena usiku kuiba kile kilichoponywa. Usimdharau mmoja kwa ajili ya mwingine. Sisi tulimdharau mmoja, kondoo akakaribia kufa mara mbili.

Inama nikuweke mkono. Wazee wetu walipoomba slufay, ile dua yetu ya baraka, mmoja aliomba na wengine waliitikia. Leo mimi nitaomba na wewe utaitikia kwa wote. Njia yako ya kesho iwe na umande, isiwe na vumbi. Utakapoitwa, ulimi wako uwe mwepesi na miguu yako iwe mizito isikimbie. Anayeketi juu akuone, akusikie, aandike lililo kweli. Aliyepigwa apone, aliyepiga apoe. Mtoto wako akulilie ukiwa karibu, asikulilie ukiwa mbali. Boma lako lifungwe milango yote. Sema na iwe hivyo.

Haya, nenda, jua linapanda. Kesho mkitoka mahakamani mpite hapa wote, na yule kijana wa jirani mje naye. Nitawaona kutoka kule kilimani, na nikishawahesabu nikaona mmetimia, ndipo nitakapoteremsha ile nyama kwenye moshi nibandike sufuria.